Mrefu Kuliko Sote

Nifuateni. Mwavuli wangu ni wa manjano,
nimeukunja, nimeuinua juu ya vichwa;
atakayepotea autafute huo, asinitafute mimi,
mimi mfupi. Meli yenu inang'oa nanga saa tisa,
na nahodha wa Donau hamsubiri mtu
hata kama aiskrimu yake bado haijaisha.

Hapa Passau hukutana mito mitatu.
Inn hutoka milimani, kijani kilichotiwa maziwa.
Ilz ni mweusi, chai iliyosahauliwa jikoni.
Donau ndio unaobaki na jina,
kama ilivyo kawaida ya ndoa za huku.

Mawe haya yanateleza, angalieni visigino.
Makuba yale ya kijani ni shaba
iliyozeeka vizuri kuliko mimi.
Kinanda cha kanisa kikivuta pumzi
mabenchi hutetemeka, na mzee Alois, bawabu,
hutoa kifaa chake sikioni:
husema anakisikia vizuri zaidi kwa makalio.

Haya. Ukuta wa manispaa.
Mistari hii, kila mmoja na mwaka wake,
ndipo maji yalipofika.
Wewe bwana mrefu, hebu simama hapa.
Mwaka ule umezama hadi kidevuni.
Mwaka huu wa juu, tunakutafuta kwa boti.

Wanacheka. Wanapiga picha.
Baba mmoja anampakata mwanawe mabegani,
mtoto ananyoosha mkono, ananyoosha kidole,
mstari haufikii.

Nisichowaambia kiko vichochoro viwili kutoka hapo,
Höllgasse, Kichochoro cha Jehanamu
(jina sikulitunga mimi),
kwenye mwimo wa mlango wa jiko la mama.
Pale baba alitupima kila Pasaka
kwa penseli ya seremala,
visigino ukutani, kitabu cha sala utosini:
mimi, Liesl, halafu Korbinian
aliyekuwa akijiinua kwa vidole vya miguu
na kupigwa kofi kwa udanganyifu.

Juni ile maji hayakubisha hodi.
Yalipanda ngazi kama mpangaji
anayekijua chumba chake,
yakasimama wima kwenye mwimo uleule,
na yalipoondoka yaliacha mstari wa tope
shibiri mbili juu ya Korbinian.
Penseli haikufutika.
Kwa hiyo sasa tuko wanne.

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajakaa Höllgasse.
Tuliyazoa. Siku tisa,
kwa ndoo, kwa sufuria, kwa sepetu,
kwa beseni nililoogeshewa utotoni.
Wanafunzi wa chuo wasiojua majina yetu
walisimama mstari hadi kwenye lori
wakipokezana tope mkono kwa mkono,
na piano ya jirani ikatolewa
imevimba kama unga uliotiwa hamira,
ikalia noti moja ilipogonga kizingiti.
Hakuna aliyecheka. Mmoja alivua glavu.

Saa tisa kasoro. Haya, kwaherini,
asanteni, aliyeacha miwani yake hii hapa.
Sarafu ninazihesabu nikitembea.

Mama ana miaka themanini na sita
na bado sukari anaiweka rafu ya juu kabisa,
juu ya tope, juu ya Korbinian.
Kila chai ni lazima apande kiti.
Nimemkataza. Nimechoka kumkataza.
Nashika kiti.

"Umewaonyesha mstari?"
"Nimewaonyesha."
"Wamesemaje?"
"Wameuliza choo kiko wapi."

Anacheka mpaka anashikilia meza.
Kisha anafungua dirisha kidogo,
anatega sikio upande wa mto,
vile alivyokuwa akisimama mlangoni kwetu usiku
kusikiliza nani kalala, nani anajisingizia.